Nani Mwenye Kituo? Kutoka Pholela hadi Mound Bayou

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji mdogo wa Mound Bayou, jimbo la Mississippi nchini Marekani, madaktari wa kituo kipya cha afya walikuwa wakipokea watoto waliodhoofika ambao ugonjwa wao, ukiutazama vizuri, ulikuwa njaa. Walimpima mtoto, wakamwandikia mama yake cheti cha dawa kama ilivyo desturi, ila kilichoandikwa humo kilikuwa maziwa, mboga na nyama. Mama alikipeleka cheti kwenye duka la vyakula la jirani, akapewa mahitaji yake, na mwenye duka akapeleka hesabu kituoni, ambako ililipwa kutoka katika fungu la dawa. Wakubwa wa serikali waliokuwa wakitoa fedha walipopata habari hawakufurahi, wakataka kujua ni kwa mamlaka gani fungu la dawa linanunua chakula. Daktari Jack Geiger, mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho, aliwajibu kwamba mara ya mwisho alipofungua vitabu vyake vya udaktari, tiba ya utapiamlo ilikuwa chakula.

Jibu hilo limesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kama ushahidi wa ujasiri wa daktari mmoja. Mimi nadhani tukilisoma hivyo tunapoteza kilicho muhimu zaidi. Daktari mwenye huruma yupo karibu kila mahali, na huruma yake huondoka naye siku anapohamishwa. Kilichokifanya cheti kile kiwezekane ni kwamba nyuma yake palikuwa na wakazi waliokwisha kusema, kwa vinywa vyao na katika vikao vyao, kwamba kabla ya daktari wanahitaji chakula, maji na kazi, na kituo kilikuwa kimejengwa kwa namna ambayo kauli hiyo isingeweza kupuuzwa. Dhamira ya kituo cha afya cha jamii, kwa maoni yangu, haisomeki kwenye ubao uliobandikwa mapokezini. Inasomeka katika orodha ya watu wenye haki ya kuamua fedha zake zitumike wapi, na historia ya vituo hivi, tangu Afrika Kusini hadi Mississippi, inathibitisha jambo hilo kwa mifano mizuri na kwa mifano michungu.

Wengi hudhani kwamba wazo la kituo cha aina hii lilizaliwa Marekani likaletwa Afrika kama msaada. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1940, chini ya milima ya Drakensberg katika jimbo la Natal, Afrika Kusini, mahali panapoitwa Pholela, madaktari wawili, Sidney Kark na mkewe Emily, walifungua kituo cha afya miongoni mwa Wazulu wa vijijini. Pamoja nao walikuwapo mume na mke wengine, Edward Jali, aliyekuwa tabibu msaidizi, na Amelia Jali, muuguzi, na bila hao wawili akina Kark wasingefika mbali, kwa sababu kituo kile hakikukusudiwa kungoja wagonjwa waje. Wafanyakazi wake, wengi wao wazungumzaji wa Kizulu waliofundishwa kazi hapohapo, walitoka na madaftari wakaenda nyumba kwa nyumba, wakianza na kaya zipatazo 130, wakaandika nani anaishi wapi, anakula nini, maji anayachota wapi, nani amezaliwa na nani amefariki. Kila mwaka waliongeza eneo jingine, na kila familia iliyoingia katika daftari ilikuwa na mtu wa kituo anayeijua kwa jina.

Walichokikuta kiliwalazimisha kufikiri upya maana ya ugonjwa. Kaswende ilikuwa imeenea, na kwa mtu asiyeuliza zaidi, hilo lingeonekana kuwa suala la tabia. Wao waliuliza zaidi. Waliona kwamba wanaume wa Pholela walikuwa wakiondoka kwenda migodini na mijini kwa miezi mingi, wakilazwa kwenye mabweni ya wanaume watupu, kwa sababu ardhi waliyoachiwa na sheria za kibaguzi ilikuwa finyu na imechoka, haiwezi tena kuwalisha watu na ng'ombe wao. Mwanamke aliyeambukizwa na mumewe aliyerudi likizo alikuwa na ugonjwa ulioanzia kwenye sheria ya ardhi. Mtoto mwenye utapiamlo alikuwa na ugonjwa ulioanzia kwenye udongo uliomomonyoka. Ndiyo maana kituo kilianzisha bustani ya mboga ya mfano, kikagawa mbegu, kikafundisha kutengeneza mboji na kuchimba vyoo, kikaketi na wanawake kujadiliana nao kuhusu chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa badala ya kuwahutubia. Kadiri miaka ilivyopita, bustani ziliongezeka na vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Napenda kisa cha Pholela kuliko visa vingine vyote vya aina hii, na kwa sababu hiyo hiyo mwisho wake unaniuma. Kati ya mwaka 1942 na 1944, tume iliyoongozwa na Henry Gluckman ilipendekeza Afrika Kusini iwe na huduma ya afya ya taifa iliyojengwa juu ya vituo 400 vya mfano wa Pholela. Vilianzishwa takriban 40. Mwaka 1948 chama cha National Party kikashika madaraka, na serikali ya ubaguzi wa rangi haikuwa na haja ya vituo vilivyokuwa vikionyesha, kwa takwimu za nyumba kwa nyumba, kwamba sheria zake ndizo zinazowafanya watu waugue. Fedha zilibanwa, mafunzo yakafungwa, wataalamu wakatawanyika, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akina Kark nao waliondoka nchini. Kituo kilichosifiwa na wataalamu wa nchi nyingi kilipoteza roho yake bila wakazi wa Pholela kuulizwa neno. Waliulizwa wanakula nini, waliulizwa watoto wao wanaumwa nini, lakini hawakuwa na kura, hawakuwa na hati, hawakuwa na kiti kwenye meza ilipokatwa bajeti. Hapo ndipo ninapoona kasoro ambayo hata watu wema kama wale hawakuwa na uwezo wa kuiziba katika nchi ile: jamii ilishirikishwa katika kila jambo isipokuwa madaraka.

Mwaka 1957, kabla mambo hayajaharibika kabisa, mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani alifika Pholela na Lamontville, karibu na Durban, akakaa miezi kadhaa akijifunza kazi hiyo. Huyo ndiye Jack Geiger. Mwaka 1964 alikwenda Mississippi pamoja na madaktari waliokuwa wakiwahudumia wanaharakati wa haki za raia, na alichokiona katika vibanda vya mbao visivyo na maji kilimkumbusha Natal. Yeye na mwenzake Count Gibson, kwa kupitia Chuo Kikuu cha Tufts, waliomba fedha kutoka ofisi ya serikali iliyoundwa kwa ajili ya vita dhidi ya umaskini. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Desemba 1965 Columbia Point, mtaa wa nyumba za umma mjini Boston. Cha pili, cha vijijini, kilifunguliwa Mound Bayou mwaka 1967.

Uchaguzi wa Mound Bayou una maana yake. Mji huo uliasisiwa mwaka 1887 na Isaiah Montgomery na Benjamin Green, watu waliokuwa wamezaliwa utumwani, ili uwe mahali ambapo watu Weusi wanamiliki ardhi yao, maduka yao na serikali yao ya mji. Mwaka 1942 chama cha kusaidiana cha Weusi kilijenga hapo Hospitali ya Taborian kwa ada za wanachama wake, na mgonjwa Mweusi akaweza kuingia hospitali kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo watu wa Mound Bayou walijua kuendesha mambo yao muda mrefu kabla madaktari wa Boston hawajafika na mipango yao. Kilichokuwa kimebadilika ni uchumi. Mashine za kuvuna pamba na dawa za kuua magugu zilikuwa zimewaondolea kazi maelfu ya wakulima waliokuwa wakilima mashamba ya matajiri kwa kugawana mavuno, na njaa ilikuwa imeingia katika eneo lenye udongo wenye rutuba kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi ile.

Mtu ambaye jina lake halitajwi vya kutosha katika habari hizi ni John Hatch. Huyu hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuandaa jamii, na kabla kituo hakijafungua milango alizunguka katika vijiji vya kaskazini mwa Bolivar County, wilaya ulimo mji wa Mound Bayou, akiketi makanisani na kwenye vibaraza, akiuliza watu wanahitaji nini. Hawakuanza na magonjwa. Walisema chakula, kazi, nyumba, maji. Kutokana na mikutano hiyo kila jumuiya iliunda chama chake cha afya, na vyama hivyo vikaungana kuwa baraza ambalo lilikuja kuwa na sauti rasmi juu ya kituo. Cheti cha maziwa kilitokana na mazungumzo hayo. Kwa kuwa cheti pekee kisingemaliza njaa, mamia ya familia ziliunda ushirika wa kilimo, zikalima mboga kwenye mamia ya ekari katika udongo uleule ambao wazee wao waliulimia pamba ya watu wengine. Kwa kuwa maji machafu yalikuwa yakiwarudisha watoto wodini kila wiki, mhandisi wa mazingira wa kituo, Andrew James, aliongoza kazi ya kuchimba visima, kujenga vyoo na kuweka nyavu madirishani. Wakazi waliokuwa na elimu ya msingi tu walisoma jioni kituoni, wakapata vyeti, na baadhi yao walifika hadi udaktari.

Ningependa msomaji aone utaratibu uliomo humu, kwa maana ni rahisi kuyataja mambo haya kama orodha ya wema. Kisima kilikuwa huduma ya afya kwa sababu daftari la wagonjwa lilionyesha kuharisha kulitoka upande upi wa kijiji. Shamba lilikuwa huduma ya afya kwa sababu wenye njaa walikuwa na kauli juu ya kipaumbele cha mwaka. Daktari aliyesoma kweli angeweza kubuni lolote kati ya hayo, lakini asingeweza kulishikilia peke yake mbele ya magavana, mabenki na maofisa wa wizara waliokuwa wakiuliza kituo cha afya kinatafuta nini shambani.

Baadaye Marekani iliweka jambo hili katika sheria. Tangu mwaka 1975 vituo vya afya vya jamii vinavyopewa ruzuku ya serikali kuu vinatakiwa viongozwe na bodi ambayo angalau asilimia 51 ya wajumbe wake ni wagonjwa wanaotibiwa katika kituo hichohicho. Bodi hiyo ndiyo inayomwajiri mkurugenzi na kumwondoa, inayopitisha bajeti, inayoamua saa za kufungua. Kituo kinatakiwa kumpokea kila mtu bila kujali uwezo wake wa kulipa, na ada hupanda na kushuka kulingana na kipato cha mgonjwa. Leo vituo vya namna hiyo viko takriban 1,400, na kwa mwaka huhudumia watu zaidi ya milioni 30. Katika nchi ambayo matibabu yanaweza kumfilisi mtu mwenye kazi nzuri, hilo si jambo dogo.

Sisemi kwamba asilimia 51 ni dawa ya kila kitu. Bodi ya wagonjwa inaweza kuburuzwa na mkurugenzi mjanja. Mjumbe anaweza kuletewa makabrasha ya kurasa mia jioni ya kuamkia kikao. Na ruzuku inapopunguzwa na Bunge, hakuna kura ya bodi inayoweza kuirudisha. Hata ule ushirika wa kilimo wa Mound Bayou haukudumu kama kituo chenyewe kilivyodumu. Lakini ukiweka Pholela na Mound Bayou bega kwa bega, utaona tofauti ambayo siwezi kuieleza kwa jambo jingine. Vyote viwili vilikuwa na madaktari hodari, vyote viwili vilikwenda majumbani, vyote viwili viliuliza chanzo cha ugonjwa, vyote viwili vilikabiliwa na watawala wasiovipenda. Cha kwanza kilimezwa. Cha pili, pamoja na misukosuko yake ya fedha na ya kuunganishwa na hospitali, kipo hadi leo, kwa sababu wakazi waliokuwa na haki ya kupiga kura nchini mwao waliipata pia ndani ya kituo, wakaitumia kukilinda.

Kwa sisi wa Tanzania, maneno "kituo cha afya" yana maana ya kiserikali: ni ngazi iliyo juu ya zahanati na chini ya hospitali ya wilaya. Lakini wazo lililo nyuma yake si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakisoma vijitabu pamoja, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, mji ulio katika Kazakhstan ya leo, wakatangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmojammoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya, na wakati huo Tanzania ilikuwa tayari imetandaza zahanati na vituo vijijini kwa kasi ambayo nchi nyingi maskini hazikuwa nayo. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulirudia lengo lilelile: zahanati kwa kila kijiji, kituo cha afya kwa kila kata.

Tatizo ni kwamba neno "kushiriki" lilipungua uzito njiani. Kwetu mara nyingi mwananchi hushirikishwa kwa matofali. Anaitwa kusomba mchanga, kuchanga fedha, kufika kwa ajili ya nguvu za wananchi mpaka boma linyanyuke. Boma likishaezekwa na mgeni rasmi akikata utepe, mwenye boma anageuka kuwa mteja. Anabandikiwa ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja, anawekewa sanduku la maoni lenye kufuli, na anaelekezwa foleni. Silipuuzi sanduku la maoni, lakini mwenye nyumba haandiki maoni akayatumbukiza sandukuni kwake.

Chombo cha kumrudishia umwenye huo tunacho. Kila zahanati na kila kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka katika jamii, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo badala ya kubaki halmashauri. Hayo ni mageuzi makubwa kuliko majengo mengi tunayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari, maana kwa mara ya kwanza kamati ina kitu cha kuamua.

Niliwahi kuketi katika kikao cha kamati ya zahanati moja ya kijijini. Kiliitishwa saa tatu, kikaanza saa tano, kwenye benchi la kibarazani ambalo siku za kliniki hukaliwa na akina mama. Mganga mfawidhi, kijana mpole ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amezalisha mara mbili, alifungua daftari kubwa akasoma mapato: papo kwa papo kiasi hiki, bima kiasi hiki, mfuko wa pamoja kiasi hiki. Wajumbe walisikiliza kimya. Alipofika kwenye matumizi, mama mmoja, mjumbe aliyekuwa amemfunga mjukuu mgongoni, akauliza kwa nini wajawazito wanaambiwa waje na ndoo ya maji siku ya kujifungua ilhali kuna tenki pale nje lililopasuka, na fedha imeandikwa kwenda kwenye semina na shajala. Mganga hakukasirika, wala sina sababu ya kumshuku. Alijibu kwa upole kwamba swali ni zuri, ila mpango wa mwaka umeshaingizwa kwenye mfumo na haubadiliki. Muhtasari ukapitishwa, wote wakasaini. Yule mama alisaini mwisho, polepole, herufi moja baada ya nyingine.

Kikao kile hakikuvunja kanuni hata moja, na ndiyo maana nakitaja. Kamati ilikuwapo, akidi ilitimia, daftari lilifunguliwa, hesabu zilisomwa. Kilichokosekana ni wakati: swali sahihi liliulizwa na mtu sahihi baada ya uamuzi kupita. Kwa muda mrefu tumetafuta dawa ya udhaifu wa kamati hizi katika mafunzo, kana kwamba wajumbe hawajui wanachokitaka. Yule mama hakuhitaji kufundishwa kwamba huwezi kuzalisha bila maji. Alichohitaji ni kikao chake kitangulie mpango, na kauli yake iwe na nguvu ya kuufanya mganga na halmashauri wampe jibu la maandishi wanapoikataa.

Kwa sababu hiyo, sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatarajiwa kuongeza fedha zinazopita katika vituo vyetu, ningependa mjadala uhame kidogo kutoka kwenye kiwango cha mchango na kitita cha mafao, uingie kwenye kamati. Wajumbe wa jamii wachaguliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa kura, mbele ya watu, badala ya kuteuliwa kimyakimya kwa kuwa wanafahamika na mtendaji. Wawe zaidi ya nusu, na wawe watu wanaotibiwa hapo, pamoja na akina mama wanaojifungulia hapo. Mapato na matumizi ya robo mwaka yabandikwe mahali ambapo leo pamebandikwa dira na dhamira. Na kalenda ya mipango ya halmashauri iwekwe kwa namna ambayo kamati inakutana, inauliza kuhusu tenki na kuandika jibu, mwezi mzima kabla mtu yeyote hajafungua kompyuta kuingiza mpango kwenye mfumo.